Kompyuta Niliyoishonea Gauni

Ipagala,
Dodoma.
Jumapili, 22 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Mrisho,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Arafa na watoto, na huo mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu Idi uwe umekuachia. Mama anaendeleaje na presha? Bado anagoma kumeza dawa ya asubuhi mpaka apate kwanza chai ya maziwa? Mpe shikamoo yangu. Mwambie binti yake hajambo, anakula na analala vizuri. Hapo kwenye kulala ni uongo, lakini mwambie hivyo hivyo.

Najua umeshangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Wewe na hilo sikio lako zito, simu ukiipokea tu unaweka spika, na Mama kutwa yuko ubavuni mwako. Nikaona nikipiga nitamuua mzazi wangu kwa mdomo wangu. Kwa hiyo nimemwomba jirani yetu, Mwalimu Nathanaeli, anayesafiri kesho alfajiri kwenda Kigoma msibani, afike hapo Ujiji akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako. Ukimaliza usiiweke chini ya mto, maana watoto wako wanajua kusoma kuliko inavyotakiwa.

Huku ni vumbi na upepo. Septemba ya Dodoma unaijua mwenyewe: unafagia asubuhi, na adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Zabibu zipo na ni tamu. Nimekufungashia kidogo kwa Mwalimu, ila zikifika ni majaliwa, maana Mwalimu mbele ya kitu kitamu hana subira.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Kaa chini kwanza.

Mpwa wako Abdulnasiri yuko mahabusu. Yu mzima, hajaguswa na mtu, na chakula ninampelekea mwenyewe. Nimeanza na hayo kwa sababu mimi nilipoambiwa sikuanziwa na hayo.

Ilikuwa Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, jioni, watumishi wa serikali wanarudi kutoka Mtumba. Dada mmoja anaitwa Anastazia alishuka garini hapo barabara ya chini, akavuka, akagongwa na bajaji. Bajaji haikusimama. Watu walioona wanasema ilikuwa ya bluu, na namba walizowahi kuzishika ni mbili za mwanzo tu. Sasa bajaji ya shemeji yako Anuari, ambayo Nasiri anaiendesha tangu amalize chuo na kukosa kazi, ni ya bluu, na namba zake zinaanza hivyo hivyo. Taa yake ya mbele ina ufa. Lakini nikuulize, bajaji gani ya Dodoma haina ufa?

Kesho yake Ijumaa polisi walikuja kumchukua. Nasiri alisema neno moja na hajalibadilisha: jioni ile alikuwa ameegesha mbele ya duka langu na hakutoka. Mimi nilikuwa ndani. Wanafunzi walikuwa wamejaa, kila mmoja anataka kopi zake leo leo kana kwamba mtihani uko mlangoni. Nilimsikia Nasiri akicheka nje na wenzake kabla ya magharibi. Kumsikia nilimsikia, lakini siwezi kuapa kwamba nilikuwa namwona.

Na mimi unanijua, mdomo wangu hukimbia mbele yangu. Nilisimama pale kituoni nikasema, "Afande, mimi nina kamera! Kamera ya duka langu inaona barabara yote, na picha zinakaa kwenye kompyuta mwezi mzima!" Nilisema kwa kujidai, kama mtu anayetoa ng'ombe kwenye posa. Yule mpelelezi ni mtu mpole. Aliandika, akaniambia, "Vizuri mama. Zilete. Kama kijana wako alikuwa pale, picha zitamtoa." Tukakubaliana kwamba nisipoweza kuzileta, Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu watakuja kuichukua mashine yenyewe. Ndiyo kesho.

Nikatoka mbio mpaka dukani. Kompyuta nikaikuta imezima. Nikaiwasha, ikaonyesha alama yake, vile vinukta vikazunguka, vikazunguka, vikasimama. Nikazima, nikawasha. Vikasimama tena palepale. Kumbe hata wiki iliyotangulia ilikuwa ikistaki, yaani inaganda, mara moja moja, nikawa naipuuza kwa kuwa ikizimwa na kuwashwa ilikuwa inaendelea. Safari hii ilikataa kabisa.

Unaikumbuka kompyuta yenyewe. Wewe ndiye uliyenichagulia ulipokuja mwaka juzi, ile ambayo kioo na mashine ni kitu kimoja, haina boksi la pembeni. Ulisema duka ni dogo, hii haitakula nafasi. Ulipoondoka nikaona siwezi kuiacha uchi na vumbi hili. Nikaishonea gauni la satini ya waridi, lenye marinda shingoni, linalofunika kichwa chote na mgongo mpaka chini, uso tu ndio unaoonekana. Friji yangu ina gauni, televisheni ina kitambaa cha kufuma, kwa nini kompyuta iliyochaguliwa na ndugu yangu ikae kama yatima? Wateja waliisifia. Mmoja aliniomba nimshonee na yake.

Nilimwita fundi kutoka mjini. Aliitazama kidogo, akasema kirahisi tu, "Mama, hii tunapiga Windows upya. Tunafuta kila kitu, inakuwa mpya." Kufuta kila kitu! Nilimtoa dukani kama kuku aliyeingia jikoni.

Ndipo nikamkimbilia Debora. Huyu humjui, ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, binti wa Musoma, anafanya kazi za kompyuta kwenye wizara moja huko Mtumba. Ni Mkristo mwenye adabu zake, anaimba kwaya, na kwa kuwa naishi naye ua mmoja anajua siri zangu zote hata nisizomwambia. Alirudi kazini amechoka, nikamshika mkono hata begi hajaliweka.

"Mama Nasiri," akasema, "nikuambie ukweli. Mimi kazini nashughulika na mifumo. Mashine yenyewe siifungui mara kwa mara. Lakini tutaihangaikia."

Nilimpenda kwa kusema ukweli, na hapo hapo nikaogopa zaidi, kwa sababu nilitaka mtu wa kuniambia kwamba ni jambo dogo.

Kwanza alijaribu kuzinakili zile picha kupitia flashi, bila kugusa kitu. Ikastaki kabla hata ya kuonyesha yaliyomo. Nikamuuliza, si uchomoe tu hapo zinapokaa ukazifungulie ofisini? Akasema katika mashine za aina hii hifadhi imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wake, haichomoki. Basi akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Ndani mle kuna vyumba viwili. Chumba C anakaa Windows. Chumba D zinakaa picha. Yeye anadhani mgonjwa ni Windows, kwa hiyo tumtoe mpangaji wa C tuingize mwingine, na D tusiguse hata kitasa.

Mrisho, umewahi kuona mtu anatoa mpangaji huku anaogopa kugusa mlango? Vyumba vikajipanga kwenye kioo, havina hata majina ya kueleweka, herufi na namba tu. Debora akaweka kile kimshale juu ya kimoja.

"Mama, soma na mimi. Hiki ni C?"

"Ndiyo C."

"Una uhakika?"

"Mwanangu, mimi nina uhakika gani na kitu hiki? Wewe ndiye msomi!"

"Na mimi naogopa, mama."

Akafumba macho, akabonyeza. Windows ya zamani ikafutika. Kuanzia hapo hapakuwa na kurudi nyuma, ama mpya iingie au mashine ibaki gogo na picha zikiwa tumboni mwake.

Mstari ukaanza kutembea. Asilimia tano, kumi, ishirini. Tulikuwa tumeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Ilipofika thelathini na kitu, ikasimama. Tukangoja. Chai ikapoa. Kimshale hakisogei, mstari hausogei. Debora akabonyeza swichi akaishikilia mpaka ikazima, na mimi nikaona kama anamziba mtu pumzi.

Hivyo ndivyo wiki nzima ilivyokwenda. Kila jioni Debora akitoka kazini tunaanza upya, na kila jioni inakwama, leo thelathini, kesho arobaini, siku moja ikafika hamsini na tano nikaanza kutoa shukrani, ikaganda katikati ya shukrani zangu. Alibadilisha flashi iliyobeba Windows mpya akidhani ile ya kwanza ni mbovu. Akachomoa printa, kamera, mpaka kipanya, akisema vitu vya pembeni wakati mwingine huichanganya. Akabadilisha na tundu la kuchomekea. Wapi. Akaanza kusema maneno ambayo sikuyapenda, kwamba huenda hifadhi yenyewe inakufa, na kama inakufa, kila tukiwasha tunaimalizia.

Kumbe mtu mzima anaweza kuogopa asilimia. Nilikuwa nikiuza peni na madaftari huku nahesabu asilimia kichwani. Mteja akisema nipe kumi na tano, nashtuka.

Mchana nilikuwa nakwenda kumwona Nasiri. Nilimpelekea chapati na maharage ya nazi anayoyapenda. Nikamweleza habari za kompyuta, kwamba asife moyo, Debora anapambana. Akainamisha kichwa. "Mama, achana na hiyo kompyuta," akaniambia. "Usijichoshe. Mungu anajua." Nililia njia nzima kwa huruma aliyonayo mtoto yule, yuko ndani na bado ananihurumia mimi niliye nje.

Nilikwenda pia hospitali kumtazama Anastazia. Anuari alinikataza, akasema nitaonekana najikomba. Lakini mgonjwa wa mtaa wenu ni mgonjwa wako. Nilipika uji wa ulezi nikaweka kwenye chupa, nikaenda. Hajazinduka sawasawa. Kichwa kimefungwa, mguu umefungwa, mdomo umevimba. Mumewe, Batholomeo, amekaa pembeni na sare ya kazini haijavuliwa. Nikamsalimia, nikajitaja kwamba mimi ni mama wa yule kijana anayeshikiliwa. Nilidhani atanifukuza.

Alinitazama sana. Kisha akanyoosha mkono akapokea chupa. "Uji tutaupokea, mama," akasema. "Mengine tuachie serikali." Kuna mtoto wao mdogo wa kike, Anna, alikuwa anachezea kamba ya kiatu cha baba yake chini ya kitanda. Akanisalimia shikamoo. Niliitikia nikatoka haraka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwombea yule dada kila sala, maana akifa kesi inakuwa nyingine. Na hapo ndipo ninapojiogopa, kwa sababu nikiinua mikono sijui kama namwombea yeye au namwombea mwanangu kupitia kwake. Mungu ndiye ajuaye kupokea dua zilizochanganyika hivyo.

Jana Jumamosi Debora hakuwa na kazi. Tulianza asubuhi na mapema. Alisema, "Mama, leo ndiyo mwisho wa ujuzi wangu." Mstari ukatembea, ukafika thelathini. Mimi nikashindwa kutazama. Nikaenda nyuma ya kompyuta, nikaweka kiganja juu ya kichwa chake kama unavyomshika mtoto mgonjwa, nikaanza kuisomea Ayatul Kursiyu. Ndiyo, nimeisomea kompyuta. Cheka ukitaka, wewe hukuwepo.

Sikuimaliza aya. Kiganja kiliungua. Nikaruka nikasema, "Debora! Ina homa!"

"Ina nini?"

"Homa! Njoo ushike!"

Akaja akaingiza mkono chini ya satini, akautoa haraka. Akanitazama, akalitazama gauni, akanitazama tena. Kisha akauliza taratibu sana, "Mama, naomba ruhusa nilivue?" Tukalivua. Mgongo wake wote una matundu ya kupumulia, na juu kichwani mstari mzima wa matundu mengine, na yote yamezibwa na vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za satini mpaka likawa kama zulia. Na chini ya vumbi, ile nailoni iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ambayo sikuitoa ili isichubuke. Mashine ilikuwa inanyongwa karibu miaka miwili, usiku na mchana, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaza marinda.

"Ikipata moto sana inaganda ili isiungue," Debora akasema. "Na kuweka Windows ni kazi nzito, inachemka haraka. Ee Mungu, na mimi nimekaa mbele yake wiki nzima!"

"Kwa nini hukulivua siku ya kwanza?"

Akainama. "Niliona aibu, mama. Nyumba ni yako, gauni umelishona kwa mkono wako. Ningeanzaje kukuvulia kitu chako?"

Nilikasirika nikacheka, vyote kwa pamoja. Heshima nayo ina siku zake za kutuponza. Siku zote hizo mwanangu yuko ndani kwa sababu mpangaji wangu amelelewa vizuri na mimi nimefundishwa kufunika vitu vyangu.

Basi tukaifagia kwa brashi ya kupakia rangi, tukaibandua nailoni, tukaiacha ipoe, tukaiwekea feni la sebuleni mgongoni, na mlango tukafunga vumbi lisiingie. Tukawasha. Ikapita thelathini. Ikapita hamsini na tano. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni uso ukutani, Debora ananisomea namba. Ilipofika mia ikazima yenyewe, kioo kikawa cheusi, nikapiga ukelele. "Tulia mama, ndivyo inavyofanya," akasema, lakini na yeye alikuwa ameshasimama kutoka kitini. Ikawaka. Ikazima tena. Ikawaka. Kila weusi ule ulikuwa unaondoka na mwaka mmoja wa umri wangu. Mwishowe ikafunguka, nyeupe, safi. Debora akaingia chumba D. Picha zote zilikuwepo, siku baada ya siku, hakuna iliyopotea.

Nilipiga vigelegele mpaka jirani wa pili akaja kuuliza nani kaposwa.

Debora aliirudisha programu ya kamera, akaninakilia Alhamisi yote kwenye flashi, akanionyesha mahali pa kubonyeza. Akasema, "Mimi sijaiangalia, mama. Hiyo ni ya kwako kuiangalia kwanza." Jioni ile sikuiangalia. Nilitaka niingie kwenye picha nikiwa na udhu na nimetulia, nione mwanangu amekaa pale nje, kisha nilale usingizi mmoja wa kweli.

Leo Debora alikwenda kanisani, Anuari alikwenda msikitini kwa adhuhuri na kupitia sokoni. Nikafungua duka, nikakaa peke yangu, nikabonyeza.

Yuko pale, Mrisho. Bajaji ya bluu imeegeshwa, Nasiri na wenzake wanacheka, vile vile nilivyowasikia. Wanafunzi wanaingia na kutoka. Nikaanza kulia kwa furaha. Jua likaanza kushuka, wenzake wakaondoka, akabaki peke yake. Akatazama simu. Akaingia kwenye bajaji akaondoka.

Nikasema atarudi sasa hivi. Nikangoja mbele ya kioo kama nilivyokuwa naungoja ule mstari. Akarudi giza limeanza. Hakushuka mara moja. Alikaa ameshika usukani. Halafu akashuka, akaenda mbele, akachuchumaa, akagusa taa, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Kisha mlango wa duka unafunguka na natoka mimi.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Natoka na kanga yangu ya njano, nacheka, ndoo ya maji mkono mmoja na sabuni ya unga mkono mwingine. Picha hizo hazina sauti, lakini nakumbuka sasa nilichosema: leo umekumbuka usafi, baba, bajaji safi haikosi abiria. Nilidhani amechuchumaa kwa sababu anatazama uchafu. Anapokea ndoo bila kuinua uso. Anaosha pale mbele, anasugua, anasugua. Mimi nimesimama nimeshika kiuno, namwangalia kwa raha ya mzazi. Maji yanapokwisha naingia ndani, natoka na ndoo ya pili, na hiyo naimwaga mwenyewe.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba niliogopa mkono wangu. Wiki nzima nimeogopa picha zisije zikafutika, na sasa kitufe cha kufuta kiko pale pembeni, na hakuna duniani aliyeziona ila mimi. Ningesema tu mashine imekufa. Wote wangeamini, Debora mwenyewe angedhani imechemka tena. Nilikalia mikono yangu miwili, Mrisho, mtu mzima wa miaka yangu, nikaikalia mpaka ikafa ganzi, nikasubiri tamaa ile ipite. Haikupita yote.

Kilichonisimamisha si wema wangu. Ni kile kitoto kilichonipa shikamoo chini ya kitanda cha mama yake. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi naona hata hapo nimechelewa, maana kulia kumeshaanza.

Nimeamua. Anuari akirudi nitamweleza, sijui atalipokeaje, na kesho asubuhi tutakwenda wote kituoni na flashi. Lakini kabla ya kumpa afande nitaomba nimwone Nasiri kwanza, nimwambie mimi mwenyewe kwamba nimeona. Nataka aseme kwa kinywa chake kabla picha hazijamsemea. Labda itamsaidia mbele ya hakimu, labda haitasaidia. Itamsaidia mbele ya Mungu.

Sasa nakuomba jambo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Njoo. Mtoto wa kiume akifikia hapa hazungumzi na mama yake, anazungumza na mjomba. Mimi nikimtazama nitalia, na baba yake akimtazama atapandwa na hasira, na kati ya machozi na hasira mtoto hana mahali pa kukaa. Wewe alikuwa akikufuata nyuma tangu hajajua kuvaa kandambili. Mwambie Mama kwamba umeitwa na kazi. Uongo huo nitaubeba mimi.

Msalimie sana wifi Arafa, mwambie asinisahau katika dua. Msalimie Salwa na huyo mdogo wake anayekataa shule. Mama mbusu mkono wa kulia kwa niaba yangu, na umshikilie kidogo zaidi ya kawaida. Mungu atustiri katika haya tunayoyajua, kama alivyotustiri tulipokuwa hatujui.

Nasikia Anuari anafungua geti. Flashi nimeifunga kwenye pindo la kanga na nimelishika kwa mkono wa kushoto wakati wote nilipokuwa nakuandikia. Naogopa, Mrisho. Nikiliachia tu, nitaitupa chooni.

Ni mimi dada yako akupendaye, anayekungoja,

Salha